Vitabu vipo, lakini vinamhesabu nani? Mwongozo wa kutafuta utafiti kuhusu lugha zetu

Kila mwaka, wakati wa kuchagua mada ya memwari unapofika, wanafunzi wengi wa lugha za Kiafrika hurudia neno moja: "Hakuna vitabu." Mmoja alitaka kuandika juu ya Kisanga cha bibi yake, mwishowe anaandika juu ya makosa ya Kifaransa katika shule za sekondari, kwa kuwa juu ya Kifaransa vitabu vimejaa. Mwingine alitaka kuchunguza Kiswahili cha sokoni. Wenzake wanamwambia kwamba hicho si lugha, ni Kiswahili kilichoharibika, na tena hakuna mtu aliyewahi kukiandika. Mada inaachwa kabla haijaanza.

Mimi ninaandika memwari juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Katika kutafuta hati za kazi hiyo nimejifunza jambo ambalo napenda wenzangu walijue mapema: vitabu vipo, na ni vingi kuliko tunavyodhani. Shida yetu si ukosefu wa vitabu. Shida ni kwamba vimeandikwa chini ya majina tusiyoyatarajia, vimewekwa mahali tusipofika kwa urahisi, na vingine vilivyo karibu nasi kabisa havimo katika orodha yoyote. Ndiyo maana ninaona kwamba kutafuta hati ni suala la haki, siyo ufundi wa mtandao peke yake. Katika makala hii nitaeleza maswali matatu ya kuuliza mbele ya kila hifadhidata, kila maktaba na kila kopasi: nani anahesabiwa? Nani anaweza kuingia? Na nani anarudishiwa?

Maneno matatu, na maana yake mbele ya rafu ya vitabu

Katika vyuo vikuu vingi duniani, leo watu wanazungumza juu ya uanuwai, usawa wa haki na ujumuishi. Mara nyingi maneno haya hutumiwa kuhusu watu: nani anaajiriwa, nani anapewa nafasi ya kusoma, nani ana ulemavu na hajatengenezewa njia ya kupita. Lakini yanahusu pia vyombo vya utafiti.

Uanuwai ni kuwa na aina nyingi. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 200 kwa hesabu ya wanaisimu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuzikuza bila ubaguzi. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo, na serikali inapaswa kuzilinda. Kwa hiyo uanuwai umeshaandikwa katika sheria yetu ya juu kabisa.

Usawa wa haki ni jambo jingine. Si kumpa kila mtu kitu kilekile, bali kumpa kila mtu kinachohitajika ili afike. Tuchukue kitabu kilichowekwa bure kwenye intaneti, chenye uzito wa mega 300. Mlango uko wazi kwa wote. Kwa mwanafunzi wa Leipzig anayetumia intaneti ya chuo, kukipakua ni kazi ya dakika moja. Kwa mwanafunzi wa Kolwezi au Kalemie anayenunua mega kwa pesa yake, kitabu hicho hicho kinaweza kula chakula chake cha siku. Mlango ni mmoja, lakini safari za kuufikia hazilingani.

Ujumuishi ni kuwa miongoni mwa wanaoamua, si kutajwa tu. Lugha inaweza kuwa na kamusi nzuri na sarufi nene, huku wasemaji wake hawakuulizwa lolote isipokuwa "neno hili mnalisemaje?"

Nani anahesabiwa?

Anza na jina. Wanaisimu na watu wa kompyuta hutumia misimbo ya herufi tatu kwa kila lugha, katika orodha ya kimataifa iitwayo ISO 639-3. Orodha hiyo inatunzwa na shirika la SIL, na kuisoma ni bure. Ukitafuta Kiswahili utakuta misimbo mitatu. Wa kwanza ni swa, unaofunika Kiswahili chote kwa jumla. Wa pili ni swh, wa Kiswahili cha pwani na sanifu. Wa tatu ni swc: Kiswahili cha Kongo.

Wengi wetu hatujui kwamba msimbo swc upo. Matokeo yake ni makubwa. Ukiandika "Swahili" peke yake katika hifadhidata, utaletewa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na utasema hakuna kitu juu yetu. Ukiandika swc, au jina la Kiswahili cha Kongo kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, mlango mwingine unafunguka.

Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa Kiswahili chetu kimebadilishiwa jina mara nyingi. Waandishi wa zamani walikiita Kingwana; kwa mfano, akina Whitehead walitoa mwongozo wa Kingwana mwaka 1928. Wakati wa Zaire, Katanga iliitwa Shaba hadi mwaka 1997, kwa hiyo watafiti wa miaka hiyo waliandika juu ya "Kiswahili cha Shaba". Leo wengine husema Kiswahili cha Katanga, wengine Kiswahili cha Lubumbashi. Mashariki utakuta Kiswahili cha Kivu na Kiswahili cha Bunia. Mji wenyewe uliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Na tangu mwaka 2015 Katanga imegawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwanafunzi anayetafuta kwa jina moja tu anapoteza vitabu vya nusu karne. Andika majina yote kwenye karatasi kabla ya kufungua simu, kisha yajaribu moja baada ya jingine, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza.

Nilipofanya hivyo, orodha yangu ilianza kujaa. Edgar Polomé, aliyefundisha Élisabethville kabla ya uhuru, aliandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960. Walter Schicho, wa Vienna, alitoa kitabu juu ya sintaksia yake mwaka 1982, na pia alichunguza michezo ya kundi la Mufwankolo. Mwenzetu Mwamba Kapanga aliandika tasnifu ya udaktari juu ya mabadiliko ya Kiswahili cha Shaba mwaka 1991 huko Illinois. Vincent de Rooij alichunguza jinsi watu wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo, mwaka 1996. Mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi katika kitabu kimoja. Kuhusu Kivu, Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa matini na maelezo ya sarufi mwaka 2016. Hiki ndicho Kiswahili kinachosemwa kuwa hakuna aliyekiandika!

Swali la nani anahesabiwa linaonekana wazi zaidi katika kopasi, yaani mikusanyo ya matini inayotumiwa kuchunguza lugha na kufundisha kompyuta. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoanzishwa na Arvi Hurskainen, ina maneno takriban milioni 25 katika toleo lake la pili. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini matini yake yanatoka hasa Tanzania: magazeti, vitabu, majadiliano ya Bunge. Ukihesabu humo maneno kama "bintu", usishangae ukikosa. Ukosefu huo hauonyeshi kwamba maneno haya hayasemwi. Unaonyesha kwamba wasemaji wake hawakuwa mezani siku matini yalipokusanywa.

Watu wa teknolojia ya lugha wamelipima jambo hili. Mwaka 2020, Pratik Joshi na wenzake walitoa makala yenye maneno "uanuwai" na "ujumuishi" katika jina lake. Walipanga lugha za dunia katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, kufuatana na data zilizopo kwa ajili ya kompyuta. Kifaransa kiko ngazi ya 5, pamoja na Kiingereza na lugha nyingine chache. Lugha zaidi ya 2,000 ziko ngazi ya 0. Nyingi za lugha zetu za vijijini ni za huko chini. Hiyo ina maana kwamba simu haitazitambua, haitazisahihisha, haitazitafsiri.

Tena, kuna wanaokosekana hata katika hesabu zetu wenyewe. Ni wangapi kati yetu wamewahi kufikiria memwari juu ya lugha ya ishara? Katika shule nyingi za viziwi za Afrika inayotumia Kifaransa, lugha hiyo ina asili ya Marekani. Ilienezwa na Andrew Foster, mwalimu kiziwi, mweusi wa Marekani, aliyefungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957. Viziwi wa miji yetu wamekwisha kuifanya iwe yao. Hiyo pia ni lugha ya Kiafrika, na inangoja mtafiti.

Nani anaweza kuingia?

Makala moja ya kurasa 20, niliyoihitaji sana, ilikuwa inauzwa na kampuni moja ya uchapishaji kwa zaidi ya dola 30. Mwandishi alikuwa amerekodi watu wa hapa. Waliorekodiwa hawakulipwa kwa kila ukurasa, na watoto wao hawawezi kuusoma ukurasa huo bila kulipa. Sisemi kwamba mtafiti yule ni mwizi. Ninasema kwamba utaratibu wa biashara ya majarida haukutengenezwa kwa ajili yetu.

Dhidi ya utaratibu huo kumekuwa na harakati ya miaka mingi. Mwaka 2002, tamko la Budapest lilitaka makala za sayansi zisomwe bure kwenye intaneti. Mwezi wa Novemba 2021, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo juu ya sayansi huria. Matunda yake yapo, na mengi tunaweza kuyachuma leo. Hizi ndizo sehemu ninazotumia, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Kwa kutambua lugha na vitabu vyake, ninaanza na Glottolog. Inatunzwa na taasisi ya Max Planck huko Leipzig, na ni bure kabisa. Kwa kila lugha inakupa jamaa zake, majina yake mbalimbali na orodha ya vitabu na makala zilizoandikwa juu yake. Kwangu hii ndiyo sehemu ya kwanza ya kumpeleka yeyote anayesema hakuna vitabu. Ethnologue ni maarufu zaidi, lakini tangu mwisho wa mwaka 2015 ilianza kuwatoza wasomaji wengi, na inaonyesha zaidi hesabu za wasemaji kuliko vitabu.

Kwa lugha za Kibantu, jua herufi na namba za Guthrie: Kiswahili kiko katika kundi la G40, Kiluba cha Katanga ni L33, Kisanga L35, Kiruund L53, Kibemba M42. Orodha iliyosahihishwa na Jouni Maho mwaka 2009 inapatikana bure. Ukitafuta kwa namba hizi utakuta kazi ambazo majina yake yameandikwa kwa tahajia za ajabu. Kwa mizizi ya maneno, Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, limeweka wazi hifadhidata ya BLR3, yenye mizizi ya Kibantu iliyoundwa upya na Bastin, Coupez, Mumba na Schadeberg. Jumba hilo pia limeweka kwenye intaneti sehemu kubwa ya sarufi na kamusi zake za zamani.

Kwa vitabu vipya, Language Science Press ya Berlin inatoa vitabu vya isimu ambavyo kila mtu anaweza kupakua bure; humo kuna kitabu kikubwa cha mwaka 2022 juu ya kuunda upya sarufi ya Kibantu-mame. Kwa majarida, kuna Swahili Forum, na kuna Nordic Journal of African Studies, yote mawili bure. AJOL, yenye makao Afrika Kusini, inakusanya mamia ya majarida ya bara letu. CODESRIA ya Dakar inaweka wazi machapisho yake mengi. Kwa Kifaransa, usiache Persée, HAL na OpenEdition. JSTOR inamruhusu mtu binafsi kujiandikisha na kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi bila kulipa.

Kuna mlango mmoja ambao mwanafunzi peke yake hawezi kuufungua. Research4Life ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukapanuka. Nchi yetu iko katika kundi linaloruhusiwa kusoma bure. Lakini anayeandikishwa ni chuo, si mtu. Kwa hiyo kamati zetu za wanafunzi zinapaswa kuuliza maktaba zao: je, tumeandikishwa? Neno la siri liko kwa nani? Linapatikana kwa wanafunzi au kwa maprofesa peke yao? Maswali haya yanauliza haki ambayo tayari ni yetu.

Na pale milango yote inapofungwa, mwandikie mwandishi. Barua fupi, yenye heshima: jina lako, chuo chako, mada yako, na makala unayoomba. Watafiti wengi hufurahi kusikia kwamba kazi yao inasomwa mahali ilipozaliwa, na mara nyingi wana ruhusa ya kukutumia nakala.

Kuhusu mega, tusaidiane. Mtu mmoja akipakua kitabu, wengine wasikipakue tena. Kipite kutoka simu hadi simu au kwenye flashi. Tukiwa watu kumi, gharama ya kitabu cha mega 300 inagawanywa kwa kumi. Hakikisheni tu kwamba ni kitabu kilichoruhusiwa kugawanywa, na andikeni jina la faili vizuri: mwandishi, mwaka, lugha. Faili lenye jina la namba tupu ni kitabu kilichopotea.

Kusoma hati za zamani kwa macho wazi

Kupata hati ni nusu ya kazi. Sehemu kubwa ya vitabu vya kwanza juu ya lugha zetu iliandikwa na wamisionari na maofisa wa ukoloni. V. Y. Mudimbe, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliyaita maarifa hayo yote maktaba ya kikoloni. Johannes Fabian, ambaye naye alifundisha hapa, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi utawala, misheni na makampuni walivyokishika Kiswahili kati ya mwaka 1880 na 1938, na jinsi vitabu vya kufundishia lugha vilivyokuwa pia vyombo vya kuamuru. Fungua mwongozo wowote wa wakati ule uone sentensi zake za mazoezi ni za aina gani: lete, beba, ngoja, fagia. Sarufi ya aina hiyo imemchagua msemaji wake, na msemaji huyo ni bwana anayemwagiza mtumishi.

Sisemi tuzitupe. Kamusi ya Kimongo ya Gustaaf Hulstaert, iliyotolewa mwaka 1957, bado haijapata mpinzani. Kituo cha Aequatoria cha Bamanya, karibu na Mbandaka, ambacho jarida lake lilianza mwaka 1937, kimehifadhi pia vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni, na bila hivyo tusingejua babu zetu walifundishwa nini na kwa lugha gani. Tunavisoma, lakini tunauliza: nani aliyasema maneno haya? Jina lake liko wapi? Je, alikuwa mwanamke, mtumishi, katekista, mfungwa?

Kuna hati moja inayopindua mambo haya. Mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Aliiandika kwa Kiswahili chetu, si kwa Kiswahili cha vitabu. Aliyekuwa anaagizwa "lete" na "ngoja" ndiye anayesimulia mabwana walikuwa watu gani. Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, na matini yenyewe yamo bure katika hifadhi ya Kiswahili cha watu ambayo yeye na wenzake waliifungua Amsterdam. Mwanafunzi yeyote wa lugha wa Lubumbashi anapaswa kuisoma angalau mara moja.

Hati kama hiyo inatusaidia pia kujibu wanaosema "Kiswahili kibovu". Chukua neno "bantu", ambalo Lubumbashi tunasema mahali pa "watu". Kiluba na Kisanga husema bantu, Kibemba abantu. Mzizi wa Kibantu-mame ni -ntu; Kiswahili cha pwani ndicho kilichoangusha n. Msemaji wa Lubumbashi hakushindwa kutamka "watu": amekipa Kiswahili umbo la lugha za majirani waliojenga mji huu pamoja naye. Vivyo hivyo "bintu", "mu nyumba", "ku kazi". Ni kanuni zinazoweza kuandikwa, na zimekwisha kuandikwa. Kiswahili sanifu tunakihitaji, nami ninakitumia hapa, hasa baada ya nchi yetu kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini kukijua kimoja hakudai kumwaibisha mama anayesema kingine.

Nani anarudishiwa?

Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin alieleza ugonjwa wa sayansi ya Afrika kwa picha ya uchumi: malighafi inachimbwa hapa, kiwanda kiko ng'ambo, na sisi tunanunua bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Watu wa Katanga hawahitaji maelezo marefu juu ya picha hiyo. Maneno yetu yamesafirishwa kama madini yetu.

Lakini upande mmoja wa jambo hili uko mikononi mwetu. Memwari zetu ziko wapi? Tangu miaka ya 1970, wanafunzi wa vyuo vyetu wameandika juu ya fonolojia ya Kihemba, methali za Kiluba, majina ya watu wa Kiruund, lugha ya wachimbaji. Nyingi ni nakala mbili tatu za karatasi, kwenye rafu, zikingoja mchwa. Hazimo katika Glottolog, hazimo popote. Mtafiti mgeni akiandika kwamba lugha fulani "haijachunguzwa", mara nyingine kuna mwana wa lugha hiyo aliyeichunguza, na kazi yake iko mita 200 kutoka mahali mgeni alipokaa.

Njia ya kuzitoa gizani ipo. Zenodo, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuwekwa katika kituo cha CERN, inapokea kazi za mtafiti yeyote bure na kuzipa kitambulisho cha kudumu kinachoweza kunukuliwa. Jarida la Swahili Forum hupokea makala kwa Kiswahili. Kundi la Masakhane, lililoanza mwaka 2019, linawakusanya Waafrika wanaotengeneza data za kompyuta kwa lugha zao wenyewe, na makala za fani hiyo zinasomwa bure katika ACL Anthology. Hata swc yetu haiko mikono mitupu: shirika la Translators without Borders, ambalo sasa linaitwa CLEAR Global, lilitoa bure sentensi sambamba za Kifaransa na Kiswahili cha Kongo katika mradi wa Gamayun. Mwanafunzi anaweza kuzichukua, kuzichunguza na kusema waziwazi kama watu wa kwao wanasema hivyo.

Hapa lazima nitoe onyo. Kuweka wazi si haki siku zote. Mwaka 2019, muungano wa kimataifa wa data za watu wa asili ulitoa kanuni nne zinazoitwa CARE: faida ya pamoja, mamlaka ya wenye data, wajibu, na maadili. Kwa mwanafunzi wa hapa, maana yake ni rahisi. Mama anayekusimulia jinsi alivyokimbia vita vya Kivu hakukupa ruhusa ya kuiweka sauti yake duniani. Mzee aliyekuimbia wimbo wa jando labda hataki wanawake au wageni wausikie. Muulize kabla ya kurekodi, muulize tena baada ya kumsikilizisha, kwa lugha yake na si kwa karatasi ya Kifaransa. Muulize pia kama anataka jina lake liandikwe. Wapo wanaotaka lifichwe, na wapo watakaoumia ukiliacha, kwa sababu kwa miaka mia moja majina ya watu kama wao yameachwa. Ukimaliza kazi yako, rudi kwake na nakala, au umsomee kwa sauti.

Tuanze wapi?

Ninapendekeza kazi moja ndogo, isiyohitaji fedha kutoka nje. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho achukue rafu moja ya memwari na aandike mistari mitano kwa kila kazi: mwandishi, mwaka, jina la kazi, lugha pamoja na msimbo wake na namba ya Guthrie, na mahali ilipo. Bila kupakua, bila kuskani, bila umeme hata. Kalamu na daftari vinatosha, na orodha itapigwa kwenye kompyuta siku umeme ukipatikana. Orodha hiyo ichapishwe katika jarida hili, kisha iwekwe Zenodo na itumwe kwa watunzaji wa Glottolog, ambao hupokea masahihisho kutoka kwa wasomaji. Kazi zenyewe zitafuata baadaye, kwa ruhusa ya waandishi wake au familia zao.

Mimi nimeanza na rafu ya Kiswahili. Rafu za Kiluba, Kisanga, Kibemba, Kihemba na Kiruund bado hazina mtu. Na wewe msomaji uliyemaliza masomo zamani, kama nakala ya memwari yako iko nyumbani ndani ya sanduku, tuletee jina lake tu. Tutajua mahali pa kuliandika.